Nimeirudia Ceska yangu: CZ 75 B baada ya miaka saba ya bastola nyepesi

Bastola ninayoitathmini hapa si toleo jipya, na anayetafuta habari za silaha zilizotoka mwaka huu hatazipata katika makala haya. Ni CZ 75 B ya risasi za milimita 9, ya chuma kitupu kuanzia mdomo wa mtutu hadi kitako, isipokuwa vibao viwili vya plastiki vya mpini. Niliinunua mwaka 2010, nikaitumia kwa miaka sita, kisha nikaifungia ndani ya sefu na kuhangaika na bastola nyepesi za kisasa kwa miaka saba iliyofuata. Mwaka 2023 niliitoa tena kwa sababu siku hiyo sikuwa na nyingine ya kushika. Tangu hapo nimefyatua nayo risasi zisizopungua 2,000 uwanjani, na sasa naweza kusema kwa uhakika ni kitu gani nilichokiacha nilipoiacha.

Sababu ya kuitoa ilikuwa ndogo. Bastola niliyokuwa nikiitumia wakati huo, ambayo sitaitaja jina, ilianza kushindwa kutoa maganda. Risasi ya tatu au ya nne ilipofyatuliwa, ganda lilisimama wima kwenye dirisha la slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na kurudi, na kazi ikakoma hapo. Niliipeleka kwa fundi, naye akaniambia kwamba kipuri kinachohitajika lazima kiagizwe kutoka nje na kingechukua wiki kadhaa. Hiyo ilikuwa Alhamisi, na mashindano ya mwezi yalikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimeshalipa ada. Nikafungua sefu, nikaipakua Ceska kutoka kwenye kitambaa chake, nikaona mafuta yamekauka na kuwa ya rangi ya chai, nikaketi mezani kuisafisha bila matumaini makubwa.

Jina Ceska linajulikana Kenya hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika silaha, kwa kuwa taarifa za habari hutaja "bastola aina ya Ceska" karibu kila polisi wanapotangaza kwamba silaha imepatikana au imepotea. Limetokana na jina la kampuni, Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki, na kiwanda chenyewe kipo katika mji wa Uherský Brod. Waliobuni CZ 75 ni ndugu wawili, Josef na František Koucký, na bastola ilionyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 1975 huko Madrid, Hispania. Ukizingatia wakati huo, jambo hili lina ajabu yake. Chekoslovakia ilikuwa upande wa Kisovieti, na majeshi ya upande huo hayakutumia risasi ya milimita 9 ya Parabellum ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumiwa na nchi za Magharibi. Kwa hiyo bastola hii iliundwa ili iuzwe nje, kwa watu ambao serikali ya nchi ile iliwahesabu kuwa wapinzani, na jeshi lao wenyewe halikuichukua.

Miliki ya ubunifu ilisajiliwa kwa siri ndani ya nchi, na siri hiyo ikawagharimu, kwa maana kiwanda hakikuwa na hati ya kuwazuia watu wa nje wasiuige muundo huo. Wakauiga. Tanfoglio wa Italia walitengeneza zao, Jericho 941 ya Israeli ikaanzia kwenye muundo huo huo, na Uturuki, Uswisi na China nazo zikafuata. Ukiwekewa mezani bastola kumi za chuma zilizobuniwa miaka ya 1980, usishangae ukikuta kadhaa ni watoto au wajukuu wa Ceska. Herufi B iliyo kwenye yangu iliongezwa miaka ya 1990, nayo inasimama kwa neno la Kicheki lenye maana ya kizuizi. Kizuizi hicho huishikilia pini ya kupigia, ile inayoigonga risasi kwa nyuma, isisogee mpaka kifyatulio kivutwe hadi mwisho, ili bastola ikianguka sakafuni isijifyatulie yenyewe.

Nilipopata leseni yangu ya kwanza sikuichagua Ceska kwa sababu ya historia hiyo. Niliichagua kwa sababu mkufunzi wangu, afisa mstaafu wa polisi ambaye wote tulimwita Afande, alikuwa na kawaida ya kuweka bastola tano juu ya meza, zote tupu na slaidi zikiwa wazi, kisha kumwambia mwanafunzi afumbe macho na kushika moja baada ya nyingine. "Kijana," aliniambia, "usiniambie ipi ni nzuri. Niambie ipi imekushika wewe." Nilirudi kwenye ile ya tatu mara mbili. Mpini wake umebonyea nyuma, mahali panapoingia kati ya kidole gumba na cha shahada, na mkono hupanda juu wenyewe bila kusukumwa. Hadi leo sijashika mpini mwingine ulionikaa vizuri kuliko huo, na nimeshika mingi.

Afande alinifunza kwa zoezi moja kwa miezi miwili kabla hajaniruhusu kufyatua zaidi ya risasi ishirini kwa siku. Aliweka ganda tupu la risasi juu ya kilengeo cha mbele, nami nikatakiwa kuvuta kifyatulio, au traiga kama tunavyoiita uwanjani, mpaka nyundo ianguke bila ganda kutikisika. Kila lilipoanguka alilitazama chini, akalinyanyua, akalirudisha, bila kusema neno. Mvuto wa kwanza wa CZ 75 ni mrefu na mzito, na kuumaliza ganda likiwa bado limesimama ni kazi ya vidole vyote vya mkono, si cha shahada peke yake. Siku lilipobaki mara kumi mfululizo alisema tu, "Haya, leta risasi." Zoezi hilo nililisahau nilipohamia bastola nyepesi, kwa sababu hazikunidai tena.

Nilihama kwa sababu ambazo wengi wetu tulihama. Bastola ambazo kiunzi chake, yaani mwili wa chini wenye mpini, ni cha plastiki ngumu hazikuwa jambo geni. Glock 17 ilichukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, na uzito wake bila risasi unazidi kidogo tu gramu 600, ambapo Ceska yangu ina kilo moja kamili, sawa na pakiti ya sukari. Mvuto wa kifyatulio chake ni ule ule kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho, haina nyundo ya nje, na haina kifungo cha usalama cha kukumbuka kukishusha. Mwishoni mwa mwaka 2018, Serikali ilipoagiza wenye silaha wote wapigwe msasa upya, nilikaa kwenye foleni ndefu na wenzangu, na nadhani wanane kati ya kumi tuliozungumza tulikuwa na bastola za aina hiyo kiunoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaongeza moja kwenye leseni yangu. Baadaye niliibadilisha kwa nyingine, na hiyo nikaibadilisha tena. Katika siku za mazoezi nilifyatua pia za wenzangu, wakiwa wamesimama kando yangu, kila toleo jipya lilipoingia nchini. Kila moja ilikuwa na jambo lake: hii ina vilengeo vinavyong'aa gizani, ile ina nafasi ya kufungia darubini ndogo ya nukta nyekundu, nyingine mpini wake unabadilishwa kwa ukubwa wa mkono. Nilizipenda zote kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne nilikuwa nimeshaanza kusoma habari za nyingine.

Katika miaka hiyo yote alama zangu hazikupanda. Hilo nilililaumu umri, macho, aina ya risasi, hata ala. Sikulilaumu lile nililopaswa kulilaumu.

Turudi kwenye Jumamosi ile katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Mashindano yetu hufuata kanuni za IDPA, chama cha kimataifa cha mashindano ya bastola za kujilinda, ambapo bastola huanza ikiwa ndani ya ala na, mara nyingi, chini ya vazi, na hesabu hufanywa kwa sekunde. Kila alama unayoipoteza kwenye shabaha huongeza sekunde moja kwenye muda wako. Katika daraja nililojiandikisha, bastola yenye mvuto wa aina mbili, yaani mrefu nyundo ikiwa chini na mfupi ikiwa imekokiwa, lazima ianze nyundo ikiwa imeshushwa, kwa hiyo risasi yangu ya kwanza katika kila zoezi ingekuwa ya mvuto ule mrefu ambao sikuwa nimeugusa kwa miaka saba. Kengele ikalia. Risasi ya kwanza ilikwenda chini kushoto, nje ya duara la katikati, kama ilivyostahili mtu aliyeacha mazoezi. Ya pili nyundo ilikuwa imeshajikoki, mvuto ukawa mfupi na mwepesi, nikakiona kilengeo cha mbele kikinyanyuka na kushuka pale pale kilipotoka, kama kifuniko cha sufuria kinavyorudi mahali pake. Ya tatu vivyo hivyo. Nilipofika shabaha ya mwisho, kwenye mita 15, nilikuwa nimeacha kufikiria bastola na kubaki nikitazama kilengeo tu.

Nilikuwa wa polepole kuliko kawaida yangu katika kuitoa kwenye ala, na mazoezi mawili kati ya sita niliyapoteza kwa sababu hiyo. Lakini alama nilizopoteza kwa siku nzima zilikuwa 19, wakati katika mashindano matatu yaliyotangulia sikuwahi kushuka chini ya 35. Hizo ni sekunde 16 nilizookoa bila kukimbia. Kwa mtu ambaye si bingwa na hatarajii kuwa bingwa, sekunde 16 ni nyingi sana.

Nimetumia muda mwingi tangu siku hiyo kutafuta kujua ni kwa nini, na jibu la kwanza lipo katika reli. Katika bastola nyingi slaidi hukikumbatia kiunzi kwa nje, ikienda na kurudi juu yake. Katika CZ 75 mambo yamegeuzwa: kiunzi kina kuta ndefu zinazoikumbatia slaidi kwa nje, nayo huteleza ndani kama droo ya meza iliyotengenezwa na fundi anayejua kazi yake. Wazo hilo halikuanzia kwa ndugu Koucký, kwani bastola ya jeshi la Uswisi ya mwaka 1949, P210, ilikuwa nalo kabla yao na ilisifika duniani kote kwa kulenga. Walichofanya wao ni kulichukua na kuliunganisha na magazini pana yenye safu mbili za risasi, kwa mtindo wa bastola ya Browning ya mwaka 1935, pamoja na mvuto wa aina mbili ambao Wajerumani walikuwa nao katika Walther P38. Matokeo yake ni kwamba slaidi ni nyembamba, haina kimo, na mtutu unakaa chini karibu na mkono. Risasi inapotoka, nguvu ya kurudi nyuma hupita karibu na kifundo badala ya kupita juu yake, na mdomo wa bastola haupati nafasi ya kuruka sana. Ongeza kilo nzima ya chuma, ambayo ukijaza risasi 16 hukaribia kilo moja na robo, na mshtuko unaokufikia mkononi unakuwa msukumo, si pigo.

Nilijaribu kulipima hili kwa haki. Katika siku moja, kwa risasi za boksi moja za gramu 8, nilifyatua kutoka mita 25 nikiwa nimeegemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, kwanza kwa bastola yangu ya kisasa iliyokuwa imerudi kutoka kwa fundi, kisha kwa Ceska. Zote mbili ziliweka risasi tano ndani ya upana wa kiganja changu, na tofauti kati yake haikuwa ya kuzungumziwa. Kisha nikaondoa mfuko, nikasimama wima, nikarudia. Hapo ndipo zilipoachana. Ceska ilibaki kwenye kiganja, na nyingine ikatawanyika hadi upana wa sahani. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba bastola mpya hailengi. Inalenga. Mkono wangu ndio usioweza kuishikilia kwa utulivu ule ule, na katika uwanja hakuna anayefyatua kwa mfuko wa mchanga.

Jambo la pili ni kifyatulio. Nilikipima kwa mizani ya springi: mvuto wa kwanza ni kilo tano kasoro kidogo, na mvuto wa pili, nyundo ikiwa imekokiwa, ni kilo mbili na ushei. Bastola nyingi za kisasa zipo katikati, kwenye kilo mbili na nusu hivi, kila mara. Waliozitunga waliona, na si bila sababu, kwamba ni rahisi kumfunza askari mvuto mmoja kuliko miwili. Lakini mvuto mmoja ule wa kati mara nyingi una unyumbufu fulani, kama kubonyeza sifongo, na hujui hasa ni wapi utakatika. Ule wa pili wa CZ 75 una safari fupi ya bure, kisha ukuta, kisha kukatika. Katika yangu, ambayo imelainishwa na matumizi tu bila faili wala msasa, ukuta huo una mkwaruzo mdogo sana ambao nimeshaujua kama ninavyojua ngazi ya mlangoni kwangu.

Sasa kasoro zake, maana zipo na baadhi ni kubwa.

Uzito unaonisaidia uwanjani unanitesa barabarani. Niliibeba kiunoni kwa wiki mbili, kazini na safarini, na kufikia jioni mkanda ulikuwa umeshuka upande mmoja na nyonga ikiuma. Shati jepesi la msimu wa joto haliifichi. Mtu anayetaka bastola ya kubeba kila siku kwa ajili ya ulinzi wake, na hasa anayeendesha gari kutwa, nitamshauri bila kusita achukue kitu chepesi zaidi. Ndani ya familia hii hii kuna P-01, yenye kiunzi cha aloi nyepesi, ambayo niliwahi kuijaribu na inafanana nayo mkononi ikiwa na mpini mfupi kidogo.

Slaidi ile ya ndani, niliyoisifu, ina gharama yake. Kwa kuwa sehemu kubwa imezama katikati ya kuta za kiunzi, kinachobaki juu cha kushika unapotaka kuikoki ni kidogo. Mikono ikiwa na jasho, au mvua ikinyesha, vidole huteleza. Mlengaji mmoja wa kike katika klabu yetu, mwenye mikono midogo na alama nzuri kuliko zangu, aliijaribu mara mbili na kunirudishia kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu kidole chake hakikukifikia vizuri kifyatulio nyundo ikiwa chini. Mimi nina vidole virefu na nilikuwa sijawahi kuliwaza jambo hilo.

Magazini haianguki yenyewe unapobonyeza kitufe. Ndani ya mpini kuna kibao cha springi kinachoishika, kikiwa kimewekwa hapo makusudi ili isipotee ovyo, na mkono wa pili unalazimika kuivuta. Katika mashindano hilo ni nusu sekunde au zaidi kila unapobadilisha. Wengine huking'oa kibao hicho na kukinyoosha. Yangu nimeiacha ilivyo. Vilengeo vyenyewe ni vidogo, na vitone vyeupe vilivyokuwa kwenye yangu vimeshafifia, nami nimekipaka cha mbele rangi ya chungwa kwa brashi ndogo ya watoto. Rangi nyeusi ya nje imechubuka kwenye ncha zote zinazosuguana na ala, hadi chuma kinaonekana.

Kasoro ninayotaka isomwe kwa makini zaidi ni ya kushusha nyundo. CZ 75 B haina kitufe cha kuishusha nyundo kwa usalama. Ukishaweka risasi kwenye chemba, yaani chumba chake nyuma ya mtutu, nyundo inabaki imekokiwa, na una njia mbili tu. Unaweza kupandisha kifungo cha usalama na kuibeba hivyo, kwa kuwa kifungo hicho hukubali kupanda nyundo ikiwa imekokiwa pekee. Au unaweza kuishusha nyundo kwa mkono, yaani kuvuta kifyatulio huku risasi ikiwa ndani, na kidole gumba kikiizuia nyundo isipige. Kidole kikiteleza, risasi imetoka. Nimeona mtu mwenye uzoefu akipoteza nyundo kwa namna hiyo, na jambo pekee lililowaokoa waliokuwa karibu ni kwamba mdomo wa bastola ulikuwa umeelekezwa kwenye tuta la udongo. Mimi hubana nyundo kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, mdomo ukiwa tutani, nafanya polepole, na kidole hutoka kwenye kifyatulio mara tu nyundo inapoanza kusogea, ili kile kizuizi cha pini kirudi kazini. Anayeona hilo ni mzigo, na hana makosa kuona hivyo, atafute CZ 75 BD, ambayo badala ya kifungo cha usalama ina kitufe cha kuishusha nyundo.

Zoezi la kuvuta kifyatulio bila risasi, lile la ganda la Afande, lina sharti moja katika bastola hii. Pini ya kupigia inashikiliwa na kijiti kidogo cha bati lililokunjwa, na ukiifyatua tupu maelfu ya mara kijiti hicho hupondeka na hata kukatika. Nunua risasi za bandia za mazoezi na uziweke kwenye chemba. Bei yake si kitu ukilinganisha na kusimama uwanjani na pini iliyokwama.

Kuifungua kwa kusafisha ni kazi ambayo nimeanza kuingoja jioni za Jumamosi. Baada ya kutoa magazini na kuhakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, naivuta slaidi nyuma kidogo mpaka alama mbili ndogo, moja kwenye slaidi na nyingine kwenye kiunzi, zikutane mstari mmoja juu ya mpini. Alama hizo ni fupi kuliko punje ya mchele, na katika bastola iliyochakaa huhitaji taa kuziona. Hapo nasukuma kutoka upande wa kulia ule mhimili wa kizuia slaidi. Ukigoma, naugonga mara moja kwa kitako cha magazini tupu, nao unatoka upande wa kushoto. Slaidi inateleza mbele na kutoka yote, mtutu na springi vikabaki mkononi. Hakuna kifyatulio kinachopaswa kuvutwa ili bastola ifunguke, tofauti na baadhi ya bastola za kisasa, na hilo ni jambo ninalolithamini, kwa sababu ajali nyingi za mezani huanzia kwa mtu aliyedhani chemba ni tupu. Reli za ndani, ndefu kama zilivyo, hukusanya masizi kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki. Natumia kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba, kisha tone moja la mafuta kila upande, si zaidi.

Kwa anayefikiria kununua moja iliyokwishatumika kutoka kwa mfanyabiashara mwenye leseni, kuna mahali pa kutazama. Toa kizuia slaidi na ukichunguze kwenye kona ambapo mhimili unaungana na kibao chake, maana hapo ndipo nyufa huanzia katika bastola zilizofanya kazi nyingi, na ni kipuri cha kubadilisha, si sababu ya kuikataa bastola. Tazama meno ya juu ya mtutu, yanayofungamana na slaidi, kama kingo zake bado ni kali. Vuta nyundo nyuma, uisukume kwa kidole gumba kutoka nyuma bila kugusa kifyatulio, nayo isianguke. Mchubuko wa rangi usikuogopeshe. Springi kuu mimi huibadilisha kila baada ya risasi 3,000 hivi, na magazini mbili kati ya nne nilizonazo ni zile zile za mwaka 2010.

Bado nina ile nyingine. Imetengenezwa, inatoa maganda yake vizuri sasa, na nimeshazungumza na mfanyabiashara aliyeniuzia ili airudishe dukani kwake mara taratibu za leseni zitakapokamilika. Fedha hizo zitanunua springi tatu, kizuia slaidi cha akiba, na risasi za kutosha kufika Desemba. Kila jioni, kabla ya kuifungia Ceska, naweka risasi ya bandia kwenye chemba, naweka ganda tupu juu ya kilengeo cha mbele, navuta. Jana lilibaki mara saba.